Nani? Kwa mnaoanza kusoma Ujerumani ya baada ya vita

Insha yangu ya kwanza ya semina ilirudi na neno moja limeandikwa pambizoni kwa penseli, mara tatu: Wer? Nani?

Nilikuwa na miezi mitano Ujerumani. Nilikuwa nimeandika, kwa Kijerumani nilichokuwa nakionea fahari, kwamba mwaka 1933 Ujerumani iliugua na mwaka 1945 ikaanza kupona. Nani? Mistari michache chini yake: sumu ilikuwa imeenea katika mwili wa taifa. Nani? Na mwishoni, mahali nilipodhani nimefunga kwa madoido: jeraha lile halijapona hadi leo. Nani? Maksi hamna, maelezo hamna. Penseli tu, na chini kabisa, "njoo tuongee".

Nilikwenda nimenuna. Maneno yale sikuyabuni mimi, niliyaokota kwenye vitabu vya Wajerumani wenyewe, tena vingine vya watu wazito. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kikombe cha chai ya mnanaa, akasema: ni kweli, wao waliandika hivyo, kazi yako ni kuuliza kwa nini waliandika hivyo, siyo kuandika kama wao. Nikatoka bado nimenuna. Ilinichukua mihula miwili kumwelewa, na ninawaandikia ninyi mnaokuja sasa ili walau mfupishe safari hiyo.

Mtakachokutana nacho ni wodi nzima. Unazi utaitwa tauni ya kahawia, kwa rangi ya mashati ya wanamgambo wa chama. Utaitwa homa, ulevi, wazimu, sumu, maambukizi. Kipindi cha baada ya vita kitaitwa kupata nafuu. Kumbukumbu zitakuwa makovu. Ukisoma haraka haraka, na sisi wageni husoma haraka kwa sababu orodha ya vitabu ni ndefu na muhula ni mfupi, lugha hiyo inaingia kichwani bila kubisha hodi, na mwisho wa mwezi unaiona kwenye insha yako mwenyewe.

Kwetu inaingia kirahisi zaidi, na nadhani najua sababu. Kwa Kiswahili mtu hasemi ameishika malaria. Malaria ndiyo iliyomshika. Homa inampanda, kifua kinambana, kichwa kinamgonga. Mgonjwa katika lugha yetu ni mtendwa kabla hata hajafika zahanati. Kwa hiyo ukishasema taifa liliugua, umeshalinyanyua kwenye kiti cha mtenda na kulilaza kitandani, na kila anayeingia mlangoni atasema pole.

Mbinu hii mnaijua tangu utotoni. Mtoto anapokuja jikoni na kusema, "Mama, glasi imevunjika," hajasema ameivunja, wala hajasema imevunjwa. Ametumia kauli ya kutendeka, ile tuliyokaririshwa darasani pamoja na imemwagika, imepotea, imeharibika. Kitu kimejitokea chenyewe. Na hakuna mama asiyejua swali linalofuata. Mwalimu wangu wa Kijerumani hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alichokuwa ananiuliza kwa penseli yake ni swali hilo la jikoni.

Ushauri wa kwanza, basi: msianzie 1945. Wengi huanzia hapo kwa sababu kozi inaitwa "baada ya vita", na wanadhani sitiari za ugonjwa zilizaliwa kwenye vifusi. Zilikuwa zimeshafanya kazi miaka mingi, tena kazi ya upande mwingine. Kabla ya 1945 neno kuu lilikuwa Volkskörper, mwili wa taifa. Ndani ya mwili huo Wayahudi waliitwa vijidudu, kupe, sumu ya damu. Walemavu na wagonjwa wa akili waliitwa mzigo. Mwezi Julai 1941, mwanadiplomasia Walther Hewel aliandika katika shajara yake kwamba Hitler alijifananisha na Robert Koch, yule mtafiti wa bakteria wa kifua kikuu, ila yeye kijidudu chake kilikuwa Myahudi.

(Koch huyo ana historia kwetu pia. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Visiwa vya Ssese, Uganda, akitafuta dawa ya malale. Wagonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, na baadhi yao wakapofuka. Nilipoyajua haya nilikuwa nimeshamaliza nusu ya masomo. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa nimeuliza.)

Sisi wenyewe tuna mazoea ya sitiari hii. Tanzania mwaka 2015 na 2016 tulishangilia kutumbuliwa kwa majipu, na mimi nilishangilia pia. Siyafananishi mambo yasiyofanana. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa tuhuma za ufisadi na mtu aliyeuawa kwa kuzaliwa Myahudi hawako kwenye mizani moja. Nasema tu angalieni jinsi neno lenyewe linavyofanya kazi: jipu halihojiwi, halijitetei, halikati rufaa. Na wasomaji wetu wa Rwanda na Burundi hawahitaji mtu wa kuwaeleza mwaka 1994 ulianzaje kwenye maneno, pale jirani alipoitwa mende.

Kwa hiyo mwili ni uleule mmoja, lakini ulitumika mara mbili. Kwanza watu fulani waligeuzwa ugonjwa ili waondolewe. Kisha, baada ya kushindwa, taifa lililowaondoa likageuzwa mgonjwa. Shikeni hilo na nusu ya usomaji wenu imekaa sawa.

Ushauri wa pili: nendeni Hadamar, na msingoje muhula wa mwisho kama mimi. Ni mji mdogo wa Hessen karibu na Limburg, unafika kwa treni kutoka Frankfurt bila shida. Juu ya kilima kuna hospitali ya magonjwa ya akili ambayo hadi leo inafanya kazi, na ndani ya eneo hilo hilo kuna makumbusho. Unashuka ngazi za chini ya jengo, unafika kwenye chumba kidogo chenye vigae. Chumba hicho kilijengwa kionekane bafu. Kati ya Januari na Agosti 1941 watu zaidi ya 10,000 waliuawa humo kwa gesi, wote wakiwa wagonjwa na walemavu walioletwa kwa mabasi. Hadamar ilikuwa moja ya vituo sita vya mpango uliokuja kuitwa T4, kwa anwani ya ofisi yake Berlin, Tiergartenstraße 4. Mpango mzima uliua watu zaidi ya 70,000 hadi Agosti 1941. Baada ya hapo mauaji yaliendelea kwa dawa na njaa, na Hadamar peke yake ilifikia karibu 15,000 vita vilipokwisha. Baadhi ya watumishi wa mpango huo walihamishiwa baadaye kwenye kambi za Bełżec, Sobibór na Treblinka, wakaenda na ujuzi wao.

Kilichonikaa zaidi ni barua. Familia zilitumiwa barua ya rambirambi yenye sababu ya kifo iliyobuniwa na daktari. Karani akikosea, familia ilisoma kwamba ndugu yao amekufa kwa kidole tumbo, na kidole tumbo chenyewe kilikuwa kimeshakatwa miaka mingi nyuma. Pale ugonjwa ulikuwa uongo wenye mhuri na sahihi.

Nilipotoka nje kulikuwa na jua. Bwana mmoja wa makamo, mgonjwa wa sasa wa hospitali ile, alikuwa amekaa kwenye benchi, akaniomba sigara. Nikamwambia sivuti. Akasema, vizuri, ni mbaya kwa mapafu. Nilikuwa na safari ya saa mbili kurudi chuoni na sikufungua kitabu. Fikirini tu: nchi ambayo madaktari wake waliwaua wagonjwa halisi, ndiyo iliyojiita mgonjwa miaka minne baadaye.

Na haikuishia hapo. Katika miaka ya 1950 na 1960 manusura wa kambi walioomba fidia Ujerumani Magharibi walipimwa na madaktari waliotakiwa kusema kama maradhi yao yalitokana na mateso au waliyazaliwa nayo. Wengi waliambiwa ni maumbile yao. Mwaka 1963 mchanganuzi wa nafsi K. R. Eissler, aliyekuwa akiishi New York, aliandika makala ambayo kichwa chake kinauliza mtu anatakiwa kuvumilia mauaji ya watoto wake wangapi bila kuonyesha dalili ndipo ahesabiwe kuwa na maumbile ya kawaida. Ni moja ya vichwa vya makala vyenye hasira kuu nilivyowahi kusoma. Taifa lilijipa cheti cha ugonjwa bila kupimwa; mama aliyetoka kambini alitakiwa alete ushahidi.

Sasa mtakuwa tayari kwa 1945. Anzeni na barua ya wazi ya mwandishi Walter von Molo kwa mwandishi mwenzake wa riwaya, Thomas Mann, Agosti 1945. Mann alikuwa California, ameikimbia nchi tangu 1933. Molo alimsihi arudi haraka kama daktari mwema, asiyetazama dalili tu bali anayetafuta chanzo cha ugonjwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona nzuri, ya unyenyekevu. Isomeni mara ya pili. Anayeitwa ni yule aliyefukuzwa. Wanaomwita ni waliobaki. Na wito wenyewe umewapangia wote nafasi: wewe daktari, sisi wagonjwa. Daktari hana ruhusa ya kumkasirikia mgonjwa. Mann alikataa kurudi, na katika jibu lake alisema vitabu vilivyochapishwa Ujerumani kati ya 1933 na 1945 vinanuka damu na aibu. Walimkasirikia miaka mingi.

Jambo la ajabu, na hapa ndipo wengi wenu mtakapoteleza, ni kwamba Mann mwenyewe wakati huohuo alikuwa anaandika riwaya kubwa kuliko zote za ugonjwa na hatia ya Kijerumani, Doktor Faustus, iliyotoka 1947. Alipokuwa katikati ya kazi alifanyiwa upasuaji wa pafu huko Chicago mwaka 1946, kwa hiyo kitanda cha hospitali hakukisoma vitabuni. Mtungaji wa muziki Adrian Leverkühn anapata kaswende, kaswende inampa kipaji cha kishetani kwa miaka 24, kisha inamla akili. Kila mwanafunzi anayeanza huandika: Leverkühn ni Ujerumani, kaswende ni Unazi. Niliandika hivyo hivyo. Na siyo makosa, ila ni kusoma kwa jicho moja.

Angalieni anavyoupata ule ugonjwa. Haumshiki. Anasafiri mpaka Pressburg, ambayo leo ni Bratislava, kumtafuta kahaba mmoja aliyewahi kumwona, na mwanamke huyo anamwonya waziwazi kuhusu mwili wake. Anasikia onyo, na bado anaingia. Baadaye anakwenda kwa daktari. Daktari wa kwanza anamkuta amekufa, wa pili anamkuta anakamatwa na polisi. Daktari wa tatu hamtafuti. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema aliyataka mwenyewe. Mann ameuchukua ugonjwa, jambo linalomtokea mtu, akauweka katika kauli ya kutenda. Ndiyo maana riwaya hiyo haifanani na barua ya Molo hata kama zote mbili zinanuka dawa.

Halafu nendeni kwenye tukio la mwaka 1930 karibu na mwisho, na hapo msiwe na haraka. Leverkühn amewaalika watu shambani anakoishi, wapatao thelathini, waje kusikia kazi yake mpya. Badala ya kupiga piano anaanza kukiri. Anakiri mkataba na shetani, anakiri vifo, anazungumza kwa Kijerumani cha kale cha wachungaji. Wageni wanatazamana. Mmoja anaona ni ushairi mzuri. Wengine wanaondoka mmoja mmoja. Kisha Daktari Kranich, ambaye udaktari wake ni wa elimu ya sarafu za kale, anasimama na kutangaza kwamba mtu huyu ni mwendawazimu, na ni jambo la kusikitisha kuwa hapa hayupo mtaalamu wa magonjwa ya akili, kwa maana yeye kama mtu wa sarafu hana mamlaka. Anaondoka zake.

Nilicheka niliposoma. Mwaka mmoja baadaye nikairudia na sikucheka. Mtu anakiri hatia mbele ya mashahidi thelathini, na msomi wa kwanza kufungua mdomo anaigeuza hatia kuwa ugonjwa, kisha anasema ugonjwa si idara yake. Kila ofisi ya miaka ya 1950 imo katika sentensi ile moja. Anayebaki ni Bi Schweigestill, mwenye shamba, mwanamke asiye na shahada yoyote. Anamshika Leverkühn aliyeanguka, na anawafukuza waliobaki kwa lafudhi ya kijijini.

Karl Jaspers mtamsoma muhula wa kwanza, na hapana budi. Huyu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kabla ya kuwa mwanafalsafa. Kitabu chake kikubwa cha tiba ya akili kilitoka 1913. Alikuwa mgonjwa wa mapafu tangu ujana. Mke wake Gertrud alikuwa Myahudi, na mwaka 1937 Jaspers aliondolewa kazini. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuitumia lugha ya ugonjwa, ni yeye. Lakini katika mihadhara ya Heidelberg ya majira ya baridi 1945 na 1946 aliuliza swali la hatia, na akaigawa mara nne: ya jinai, ambayo hakimu wake ni mahakama, ya kisiasa, ambayo raia wote wanabeba matokeo yake, ya kimaadili, ambayo mtu huulizwa na dhamiri yake, na ile aliyoiita ya kimetafizikia, ya kuwa hai wakati mwenzako ameuawa nawe hukujitia kati. Alisisitiza kuwa watu wa nchi hawawezi kugeuzwa kuwa mtu mmoja. Ukikubali hilo, mwili wa taifa hauna pa kukaa, na bila mwili hakuna homa. Wanafunzi hukariri zile hatia nne kwa mtihani na kuusahau msingi wake. Karirini msingi.

Mwanafalsafa Theodor Adorno naye, katika mhadhara wa 1959, aliligusa neno moja tu nami nikamshukuru: Schuldkomplex. Watu walikuwa wanasema Wajerumani wasumbuliwe na kumbukumbu hizi mpaka lini, wataishia kupata "kompleksi ya hatia". Akaonyesha ujanja uliomo. Ukiliongeza lile neno la waganga wa nafsi, hatia inaacha kuwa jambo lililofanyika, inakuwa ni hisia iliyozidi kipimo, na mwenye kuikumbuka sana ndiye anayeonekana mgonjwa. Mara nyingine mtasikia hilo mezani, kwenye chakula, kutoka kwa watu wema kabisa. Msibishane, sikilizeni nomino tu.

Alexander na Margarete Mitscherlich, mume na mke waliokuwa wachanganuzi wa nafsi, ni habari ngumu zaidi, nami sijamaliza kuwaza juu yao. Alexander alihudhuria kesi ya madaktari huko Nürnberg, iliyoanza Desemba 1946 na kumalizika Agosti 1947. Washtakiwa walikuwa 23. 16 walitiwa hatiani, na 7 kati yao wakahukumiwa kifo. Yeye na Fred Mielke walikusanya hati za kesi ile, na toleo la 1949 lilichapishwa nakala 10,000 kwa ajili ya madaktari. Aliandika baadaye kwamba hakupata mwitikio wowote, kana kwamba kitabu hakikuwahi kuwepo. Mtu huyu aliwaona watenda uso kwa uso. Lakini mwaka 1967, yeye na mkewe walipotoa kitabu maarufu kuhusu Wajerumani kushindwa kuomboleza, walililaza taifa kwenye kochi la mchanganuzi. Mtakisikia kikinukuliwa kila mahali kana kwamba kinasema Wajerumani walishindwa kuwaombolezea Wayahudi. Hoja yao ya kwanza ni nyingine na inachoma zaidi: walishindwa kumwombolezea Hitler. Walimpenda, wakampoteza, wakajifanya hawakuwahi kumpenda, wakakimbilia kujenga viwanda. Kisomeni chenyewe, msikisome kwenye muhtasari. Mimi nakubali wanachokiona na nina mashaka na kochi.

Kwa mwandishi Günter Grass nitasema la kitunguu tu. Msimulizi wa riwaya yake ya 1959, Die Blechtrommel (Ngoma ya Bati), ni Oskar, aliyekataa kukua akiwa na miaka mitatu na anayeandika kutoka nyumba ya wagonjwa wa akili. Katika sura moja kuna baa ya chini ya ardhi huko Düsseldorf ambapo wateja hawapewi chakula. Wanapewa ubao, kisu na kitunguu. Wanakata, wanalia, wanasimuliana yaliyowafika, wanalipa, wanaondoka wamepata nafuu. Aliyewahi kukata vitunguu vya pilau ya harusi anajua machozi yale hayana msiba ndani yake. Na mwaka 2006 Grass huyohuyo, katika kumbukumbu za maisha yake alizozipa jina la kumenya kitunguu, alikiri kwamba akiwa na miaka 17 alikuwa katika Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi. Alikuwa amekaa nalo miaka sitini. Mficha maradhi, kilio humfichua, tunasema. Ila hapa tena methali yetu inaita maradhi jambo ambalo halikuwa maradhi. Mnaona linavyoteleza?

Machache ya kazi za kila siku. Schuld ni hatia, na pia ni deni. Kiswahili kinalo jambo hilohilo katika Sala ya Bwana, ambapo wenye Biblia ya Muungano husema "utusamehe deni zetu" na Wakatoliki husema "makosa yetu". Mkitafsiri, amueni kila mara ni lipi, na mjue mmeamua. Belastet mtaikuta kwenye makaratasi ya kuwachuja Wanazi, yale yaliyoanza na fomu ya Kimarekani yenye maswali 131; maana yake ni aliyebeba mzigo, na ni neno lilelile madaktari walilotumia kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurithi, wakati wa sheria ya Julai 1933 iliyowafanya watu wapatao 400,000 wafungwe uzazi kwa nguvu. Persilschein, barua ya jirani au padri ya kukutetea kwenye uchujaji huo, imetokana na sabuni ya unga ya Persil: hapo sitiari imetoka wodini ikaingia dobini, lakini mteja ni yuleyule. Na Heil, ile ya salamu, ina undugu na heilen, kuponya. Enzi hizo kulikuwa na mzaha wa kunong'onezana: mtu akisema "Heil Hitler", unamjibu, "Kwani mimi daktari wa vichaa?" Msiutumie kwenye mtihani wa mdomo. Mimi niliutumia, na kimya kilichofuata bado nakisikia.

Someni pia Victor Klemperer, profesa Myahudi wa Dresden aliyefukuzwa kazi 1935 na kuokoka kwa sababu mkewe hakuwa Myahudi. Kitabu chake cha 1947 kuhusu lugha ya Wanazi kinasema maneno yanaweza kuwa kama dozi ndogo ndogo za aseniki, unazimeza bila kuhisi. Naye, mnaona, ametumia sumu. Lakini kila ukurasa wake una mtu: karani huyu, jirani yule, mfanyakazi mwenzake wa kiwandani, nani alisema nini siku gani. Nilipoacha kuandika "lugha ya ugonjwa" na kuanza kuandika nani alimwita nani mgonjwa, mwaka gani, kwa faida ipi, ile penseli ilipungua.

Zoezi ninalowapa wanaonijia kwa msaada ni sentensi mbili. Ya kwanza ni ya Kansela Konrad Adenauer, bungeni Bonn, Septemba 1951: kwa jina la watu wa Ujerumani ulitendwa uhalifu usioelezeka, unaodai fidia ya kimaadili na ya mali. Mwaka uliofuata ulisainiwa mkataba wa kulipa Israel marka bilioni 3, kwa hiyo haikuwa sentensi tupu. Lakini pigeni mstari chini ya mtenda. Hayupo. Kuna jina tu, na mtu mwingine asiyetajwa aliyelitumia.

Ya pili ni ya Songea, tarehe 1 Novemba 2023. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier, mbele ya wazao wa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, alisema anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wao hapa. Deutsche, mtenda. Angetan, waliwatendea. Hakuna homa, hakuna zama za giza, hakuna kilichotendeka chenyewe. Ni sentensi ambayo mtoto wa jikoni angeisema baada ya kuulizwa mara ya tatu.

Mwaka jana binti mmoja wa Ruvuma, mwaka wake wa kwanza, alifanya zoezi hilo mezani kwangu. Kwenye ya Adenauer aliandika Wer? pambizoni, kama nilivyotarajia. Kwenye ya Songea alikaa sana, akageuza penseli, akafuta alichokuwa ameanza, kisha akaandika kwa Kiswahili: na kichwa cha Nduna Songea Mbano kiko wapi?